Chupa au wavu: kupima kemia ya maji au viumbe vyake pale uchafuzi wa hewa unapovuka mipaka

Anayepewa jukumu la kufuatilia ziwa au kijito kilicho mbali na kiwanda chochote hukabiliwa na uamuzi huu mapema sana. Fedha ni ya kazi moja. Je, achote maji kwenye chupa ayapeleke maabara, au aingie majini na wavu ahesabu wadudu, konokono na samaki? Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba vyote viwili vinahitajika. Ni kweli, ila haumsaidii mwenye fedha ya kimoja.

Nautaja msimamo wangu mapema ili msomaji aupime anapoendelea. Kemia hueleza uchafu umetoka wapi. Viumbe hueleza uchafu umefanya nini. Uchafuzi unaovuka mipaka ni shauri kati ya majirani, na anayetaka jirani apunguze moshi wake lazima kwanza athibitishe kwamba moshi huo ndio ulioingia majini. Kwa hiyo mimi huanza na chupa. Lakini zipo hali ambazo chupa pekee hupotosha, tena vibaya, na nitazieleza.

Mwaka 1967 mwanasayansi Svante Odén wa Sweden aliandika katika gazeti la Dagens Nyheter kwamba mvua ya nchi za kaskazini mwa Ulaya ilikuwa inazidi kuwa na asidi, na kwamba salfa iliyoisababisha ilitoka mbali, kwenye nchi nyingine. Wakati huo samaki walikuwa wanatoweka katika mito na maziwa ya kusini mwa Norway. Ubishi ukadumu miaka: waliochoma makaa ya mawe walitaka ushahidi. Mwaka 1979 mkataba wa kudhibiti uchafuzi wa hewa unaosafiri masafa marefu ukatiwa saini Geneva. Mwaka 1985 itifaki ya Helsinki ikazitaka nchi wanachama kupunguza salfa kwa asilimia 30, na mwaka huohuo ikaundwa ICP Waters, programu ya ushirikiano ya kufuatilia athari za hewa chafu kwa mito na maziwa. Kituo chake kiko katika taasisi ya utafiti wa maji ya Norway, NIVA. Tangu hapo chupa na wavu vimetumika bega kwa bega katika nchi nyingi, na udhaifu wa kila kimoja unajulikana.

Chupa inasema nini

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kudhani kwamba kupima kemia ni kupima pH. Kifaa cha pH ni rahisi kubeba, namba hupatikana papo hapo, na kila mtu anajua kwamba chini ya 7 ni asidi. Tatizo ni kwamba pH haisemi asidi imetoka wapi.

Tuchukue maziwa mawili ya kubuni, yote yakiwa na pH 5.3. Ziwa la kwanza lina maji maangavu. La pili lina maji ya rangi ya chai iliyokolea, kwa sababu linazungukwa na ardhi yenye mboji. Katika kila moja, kalsiamu ni 40, magnesiamu 20, sodiamu 60 na potasiamu 5, kwa kipimo cha mikroekwivalenti kwa lita, yaani kipimo kinachohesabu chaji za umeme. Hizi ni ayoni chanya, chembe zenye chaji chanya, na jumla yake ni 125. Upande wa pili wa mizani, wa ayoni hasi, ziwa angavu lina salfati 55, kloridi 60 na nitrati 10, jumla 125. Ziwa la rangi ya chai lina salfati 12, kloridi 60 na nitrati 2, jumla 74.

Toa jumla ya pili kutoka ya kwanza. Ziwa angavu linabaki na sifuri, ziwa la rangi ya chai linabaki na 51. Tofauti hiyo ndiyo akiba ya maji ya kukinza asidi. Ziwa la kwanza limeishiwa akiba kwa sababu salfati imeila. La pili bado lina akiba, na asidi yake inatokana na mboji, kama ilivyokuwa kabla binadamu hajajenga tanuri lolote. Kifaa cha pH kingeyaita yote mawili wagonjwa sawasawa.

Hatua inayofuata ni kuondoa chumvi ya bahari, maana upepo wa baharini nao huleta salfati. Katika maji ya bahari, kwa kipimo hichohicho, salfati ni 0.103 ya kloridi. Kloridi 60 kwa hiyo imekuja na salfati 6 hivi. Katika ziwa angavu inabaki salfati 49 ambayo bahari haikuileta, na kama miamba ya eneo hilo haina madini ya salfa na hakuna mgodi wala shamba juu ya mto, imetoka hewani. Hapo mtu anaweza kusimama mbele ya jirani yake akazungumza. Ndiyo sababu nasema chupa kwanza. Hakuna mdudu anayeweza kumpa mtu hesabu ya namna hiyo.

Orodha ya chini kabisa ya vipimo, basi, ni pH, uwezo wa maji kupitisha umeme, kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, potasiamu, salfati, nitrati, kloridi, kaboni ya ogani iliyoyeyuka, na alumini. Alumini isiachwe. Asidi inapopita kwenye udongo huitoa alumini na kuileta majini, na alumini isiyoshikwa na mboji hung'ang'ania matamvua ya samaki, wakashindwa kupumua na kupoteza chumvi za mwili. Samaki wengi wa kusini mwa Norway waliuawa na asidi na alumini kwa pamoja. Maabara itenganishe alumini iliyo huru na ile iliyoshikwa na mboji, kwa kuwa jumla yake peke yake haisemi kitu kuhusu sumu.

Uzuri mwingine wa chupa ni kwamba inajikagua yenyewe. Maji hayana chaji, hivyo jumla ya ayoni chanya lazima ikaribiane na jumla ya ayoni hasi. Zisipokaribiana, kuna kipimo kimekosewa au kuna kitu hakikupimwa, kama ayoni za mboji katika ziwa la rangi ya chai. Ukaguzi huo haugharimu chochote zaidi ya hesabu, na ajabu ni kwamba wengi huuruka.

Ila pH yenyewe, japo inaonekana rahisi, ndiyo hukosewa zaidi. Maziwa yanayoumizwa na mvua ya asidi huwa na chumvi chache mno, na elektrodi za kawaida huyumba katika maji ya namna hiyo. Ukisoma haraka, au huku unakoroga, unapata namba nyingine. Chupa ikiachwa na hewa ndani, gesi ya ukaa hutoka na pH hupanda. Ijazwe hadi mdomoni, na kipimo kisubiriwe kitulie.

Wavu unasema nini

Sasa udhaifu mkubwa wa chupa: inajua tu yaliyokuwapo siku ile. Ukichota mara moja kwa mwezi, unayajua maji ya siku 12 kati ya 365. Theluji inapoanza kuyeyuka, maji ya kwanza hubeba sehemu kubwa ya asidi iliyokusanyika majira yote ya baridi. Theluji inayobaki huwa karibu safi. Kwa siku chache kijito hupata dozi kali, kisha mambo hutulia. Anayefika wiki mbili baadaye hukuta maji mazuri na kuandika kwamba yote ni salama. Dhoruba za baharini nazo hufanya jambo linalofanana katika udongo uliokwisha kuchakazwa: sodiamu ya chumvi huingia udongoni na kuzisukuma nje asidi na alumini.

Mdudu wa kijitoni hana likizo. Anaishi hapo miezi mingi, usiku na mchana, na siku tatu za asidi kali zikimuua hatakuwapo utakapokuja na wavu. Kukosekana kwake ni kumbukumbu ya siku ambazo hukuwapo.

Kwa msingi huo Gunnar Raddum wa Norway alitengeneza kipimo kinachotumika hadi leo. Spishi hupangwa kwa uvumilivu wao. Zile zisizostahimili pH chini ya 5.5 hupewa alama 1, kwa mfano Baetis rhodani, mdudu mwenye mabawa ambaye utoto wake hupita chini ya mawe ya mto. Zinazostahimili hadi 5.0 hupewa 0.5, hadi 4.7 hupewa 0.25, na zinazostahimili hata chini ya hapo hupewa 0. Kijito hupata alama ya spishi yake iliyo dhaifu kuliko zote. Ukimkuta Baetis, kijito kina alama 1, hata kama wengine wote ni wavumilivu. Ni kipimo chepesi kueleweka, na vifaa vyake ni wavu, beseni, chupa ya spiriti na hadubini. Kinachogharimu ni macho ya mtu anayewajua wadudu hao, na watu hao ni wachache kuliko mashine za maabara.

Kwa anayedhani kwamba chupa ingetosha, hakuna mfano ninaouheshimu kuliko Ziwa 223 huko Ontario, Kanada. Kuanzia mwaka 1976 David Schindler na wenzake walilitia asidi ya salfa kidogo kidogo kwa makusudi, wakaishusha pH kutoka 6.8 hadi karibu 5.0 kwa miaka kadhaa. Uzalishaji wa mwani haukupungua. Virutubisho havikuonyesha jambo la kutisha. Lakini kamba wadogo wa jenasi Mysis walitoweka, na samaki wadogo wakaacha kuzaana, pH ikiwa bado juu ya 5.5. Samaki wakubwa aina ya trauti waliendelea kuishi, ila chakula chao kilikuwa kimekwisha, wakakonda wakawa vichwa vikubwa juu ya miili myembamba. Aliyekuwa akipima maji pekee, au akihesabu trauti pekee, angechelewa miaka kujua kwamba ziwa linavunjika kuanzia chini.

Udhaifu wa wavu ni kwamba haumtaji mkosaji. Baetis anaweza kukosekana kwa sababu ya asidi, au ukame wa mwaka jana, au mafuriko yaliyoyaviringisha mawe, au dawa ya shambani, au kwa sababu mkusanyaji alifika mdudu akiwa amekwisha kuota mabawa na kuruka. Samaki ni wagumu zaidi kuwasoma, kwa kuwa watu huwavua na huwapandikiza. Tena viumbe huchelewa kurudi. Maji yakipona leo, mdudu aliyetoweka lazima atoke kijito kingine, avuke mlima, akute mahali pake hapajachukuliwa. Nchi za Ulaya zilizopunguza salfa ziliona salfati ikishuka majini kwanza, akiba ya kukinza asidi ikafuata polepole kwa sababu kalsiamu ya udongo ilikuwa imeoshwa, na viumbe wakaja mwisho, tena pengine ni sehemu tu ya waliokuwapo. Ukitumia wavu pekee kuhukumu kama itifaki imefanya kazi, unaweza kusema imeshindwa wakati ndiyo kwanza inafaulu.

Kinachoviunganisha vyote viwili ni kikomo. Norway ilipanga akiba ya kukinza asidi pamoja na hali ya samaki katika maziwa mengi, ikaona kwamba akiba ikiwa mikroekwivalenti 20 kwa lita au zaidi, trauti wa kahawia kwa kawaida wako salama. Namba hiyo 20 ni ya kemia, lakini imetoka kwa samaki. Mwenye fedha ya chupa pekee huazima maarifa ya wavu kupitia kikomo hicho. Akumbuke tu kwamba kilitokana na samaki wa huko na maji ya huko.

Ziwa au kijito

Hapa sina maneno mengi. Ziwa ni mtunzaji: maji ya miezi au miaka yamechanganyika, hivyo sampuli chache zinatosha kuonyesha mwelekeo wa muda mrefu. Uchote majira ya kupukutika majani, maji ya juu na ya chini yakishajichanganya, na sampuli moja itawakilisha ziwa zima. Kijito huonyesha makali ya siku, na kinadai sampuli kila wiki au kila mwezi, zaidi theluji inapoyeyuka. Anayeuliza kama hewa inazidi kuwa safi mwaka hadi mwaka achague ziwa dogo. Anayeuliza kwa nini samaki wa mtoni wanakufa achague kijito, na hapo wavu una thamani kuliko chupa ya mwezi.

Mengi mara moja, au machache mara nyingi

Uamuzi huu hula fedha zaidi ya ule wa chupa na wavu, na husahaulika. Mwaka 1986 Norway ilichota maji ya maziwa yapatayo 1,000 katika msimu mmoja, ikarudia mwaka 1995, na tena 2019. Uchunguzi wa namna hiyo huonyesha ukubwa wa tatizo, yaani ni sehemu gani ya nchi imeumia na imeumia kiasi gani. Hauonyeshi kilichotokea katikati ya miaka hiyo. Huko Hubbard Brook, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, walifanya kinyume: tangu mwaka 1963 wanapima mvua na vijito vya bonde moja, wiki baada ya wiki. Mvua ya huko ilikutwa na pH karibu 4 wakati hakuna aliyekuwa akiitafuta asidi. Rekodi hiyo ndefu ndiyo iliyoonyesha jinsi kalsiamu inavyooshwa udongoni, na kwa nini kijito hakiponi siku mvua inapopona.

Uingereza ilichukua njia ya kati mwaka 1988 kwa kuanzisha mtandao wa maziwa na vijito vichache vilivyochaguliwa kwa makini, kila kimoja kikipimwa kemia na viumbe pamoja. Kama ningelazimika kuiga mfano mmoja kwa nchi yenye fedha kidogo, ningeiga huo. Vituo 10 vinavyodumu miaka 30 vina faida kuliko 100 vinavyokufa baada ya miaka 4.

Hata hivyo usichague vituo kwa urahisi wa barabara. Chagua penye miamba migumu kama granaiti na udongo mwembamba, kwa kuwa hapo ndipo asidi huuma. Ziwa lililo juu ya mwamba wa chokaa litapokea mvua mbaya miaka 50 bila kutikisika. Epuka pia maziwa yaliyomwagiwa chokaa ili kuwaokoa samaki, kama ilivyofanyika sana Sweden na Norway. Kazi hiyo ni njema, ila ziwa lililotibiwa haliwezi tena kusema hewa imebadilika vipi.

Uliyechelewa kuanza

Wengi hawana rekodi ya zamani, na hufikiri wamekwisha kukosa. Ziwa lenyewe limeitunza. Daiatomu, mwani wenye ganda la silika, hufa na kuzama, na kila spishi ina kiwango cha asidi inachokipenda. Ukichomoa nguzo ya mashapo kutoka chini ya ziwa na kuisoma tabaka kwa tabaka, ukipima umri kwa risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mionzi, unapata historia ya pH ya miaka 150 hivi. Katika Round Loch of Glenhead, kusini magharibi mwa Scotland, daiatomu zilionyesha kwamba ziwa lilianza kuwa na asidi katikati ya karne ya 19. Tabaka za juu zilikuwa pia na chembe za masizi zinazotokana na kuchoma makaa na mafuta kwenye joto kali. Ushahidi wa wakati na wa chanzo ulipatikana katika tope lilelile. Kazi hii hufanywa mara moja, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na miaka 30 ya chupa ambazo hukuzichota.

Zebaki nayo husafiri kwa hewa, lakini hapo nabadilisha msimamo wangu kabisa. Majini huwa ni nanogramu chache kwa lita, rahisi kuchafuliwa na mkono wa mchotaji, ilhali bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, nayo hujilimbikiza katika samaki mara mamilioni. Kwa zebaki pima samaki, na upime wa ukubwa unaofanana kila mwaka, maana samaki mkubwa huwa na zebaki nyingi hata katika ziwa lisilobadilika.

Ningechaguaje

Kwa fedha ya kazi moja, ningechukua ziwa dogo la juu ya granaiti, nichote maji mara nne kwa mwaka, nipime orodha nzima niliyoitaja, na nihifadhi chupa ya akiba. Fedha ikiongezeka kidogo, sinunui kihisi cha kupima kila saa. Naongeza wavu, majira ya kuchipua na ya kupukutika majani, kwenye kijito kinachotoka ziwani humo, mawe yaleyale na dakika zilezile za kukusanya. Ikiongezeka tena, nachomoa nguzo moja ya mashapo. Kihisi kingekuja baada ya hapo, na kwa kijito peke yake, maana kinahitaji mtu wa kukisafisha na kukirekebisha, na kisipotunzwa hutoa namba nyingi za uongo.

Na jambo moja ambalo halihusu chupa wala wavu: siku maabara itakapobadilisha mashine, au mtambuzi wa wadudu atakapostaafu, sampuli zilezile zipimwe na wa zamani na wa mpya kwa mwaka mzima kabla ya kumwacha wa zamani. ICP Waters hutuma sampuli moja kwa maabara za nchi nyingi na kulinganisha majibu yao kwa sababu hiyohiyo. Salfati inayoshuka kwa sababu ya mashine mpya inafanana kabisa, kwenye grafu, na salfati inayoshuka kwa sababu jirani ametimiza ahadi yake.